Picha ya retina kwa mwenye kisukari: tumeipima huduma, kuanzia matone hadi karatasi ya majibu

Ukitaka kujua kama kliniki inapiga picha za retina vizuri, usianze kwa kuuliza aina ya kamera. Angalia karatasi ya majibu inavyoandikwa. Kliniki inayokuruhusu uende na maneno "macho yako sawa" basi, bila kutaja daraja la ugonjwa, bila kutenganisha jicho la kulia na la kushoto, bila tarehe ya kurudi, imekupa nusu ya huduma, hata kama mashine yake bado ina harufu ya boksi.

Huduma yenyewe tunaipa 8 kwa 10. Haiumi, picha zinapigwa kwa dakika chache, na inaona jambo ambalo mwenye jicho hana njia ya kulihisi. Alama mbili tumezikata kwa sababu kuna vitu picha haivioni kabisa, na mara nyingi mgonjwa haambiwi.

Retina ni utando mwembamba ulio nyuma ya jicho, unene wake ni kama robo ya milimita tu, lakini kwa ukubwa wake ni miongoni mwa tishu zinazokula oksijeni nyingi kuliko zote mwilini. Oksijeni hiyo huletwa na mishipa midogo sana, kiasi kwamba chembe nyekundu za damu hupita humo kwa foleni, mojamoja. Kwa ndani mshipa umepakwa safu ya seli zinazozuia damu isivuje, na kwa nje umekumbatiwa na seli nyingine, kama vidole vilivyoshika mpira wa maji. Sukari ikikaa juu kwa miaka, seli hizi za nje ni za mwanzo kufa. Pale vidole vilipoachia, ukuta unatuna na kutengeneza kivimbe. Safu ya ndani nayo inalegea, majimaji na mafuta ya damu yanapenya. Mishipa mingine inaziba kabisa, na kipande cha retina kinachoitegemea kinabaki na njaa.

Picha ya kawaida ya retina ina uga wa rangi ya machungwa, duara la njano iliyopauka upande wa pua, na mishipa inayotoka kwenye duara hilo ikigawanyika kama mizizi. Duara ni mahali neva ya jicho inapoingilia. Ateri ni nyembamba na nyekundu zaidi, vena ni nene na zimeiva rangi. Ng'ambo ya duara kuna kivuli kidogo kisicho na mishipa mikubwa. Hiyo ni makula, sehemu unayosomea na kutambulia sura za watu. Mishipa midogo kabisa haionekani kwenye picha ya namna hii; kinachoonekana ni alama za uharibifu wake. Nukta nyekundu kama zilizochomwa kwa ncha ya sindano ni vile vivimbe. Madoa mekundu makubwa kidogo, yenye kingo zisizo wazi, ni damu iliyovuja. Chembe za njano zenye kingo kali, wakati mwingine zimejipanga kama pete, ni mafuta na protini zilizobaki baada ya majimaji kufyonzwa. Mawingu meupe kama pamba ni nyuzi za fahamu zilizokosa damu. Vena ikianza kuonekana kama uzi wa shanga, nene, nyembamba, nene tena, ujue eneo kubwa limekosa oksijeni.

Retina yenye njaa hutoa protini iitwayo VEGF, ambayo kazi yake ni kuita mishipa mipya iote. Ingekuwa habari njema, ila mishipa hiyo ni dhaifu na inaota mahali pasipofaa: juu ya uso wa retina, ikijishika kwenye ute uliojaza jicho. Ute ukivutika, mishipa inachanika na jicho linajaa damu. Kovu likisinyaa, linaivuta retina na kuibandua. Ikiota kwenye sehemu yenye rangi ya jicho, huku mbele, inaziba njia ya maji ya jicho na presha ya jicho inapanda vibaya.

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Huku mvua inaweza kukunyeshea bila wingu hata moja. Madoa yakiwa mbali na makula, mtu anasoma mstari wa mwisho wa chati bila kukosea, na jicho moja likipungua, la pili linaziba pengo. Ndiyo maana kauli ya "mimi naona vizuri" haina uzito hapa.

Huduma inavyotakiwa kwenda

Huhitaji kufunga. Kula kama kawaida, meza dawa au choma insulini kwa wakati wake. Beba miwani unayotumia, ya mbali na ya kusomea, beba miwani ya jua, na kama unavaa lenzi za kuweka machoni njoo na kikopo chake, maana utazivua. Usiendeshe chombo chochote kurudi.

Kwanza unasomeshwa chati, jicho mojamoja, ukiwa na miwani yako. Ukikwama, unapewa kibao chenye tundu dogo usome tena kupitia hapo: ukisoma vizuri zaidi, tatizo huenda ni miwani, usiposoma, tatizo huenda liko ndani. Vituo vinavyoharakisha huruka hatua hii, na hilo ni kosa kubwa kuliko linavyoonekana. Picha ni bapa. Makula inaweza kuvimba kwa majimaji na picha isionyeshe chochote cha kutisha, na kushuka kwa mistari miwili ya chati ndiko kukawa kidokezo pekee.

Kisha matone ya kupanua mboni. Mengi ni tropikamidi ya asilimia 1. Yanawasha sekunde chache, halafu unasubiri dakika 15 hadi 20. Macho ya rangi nyeusi au kahawia iliyokolea huchelewa kufunguka na mara nyingi huhitaji tone la pili. Aliyeishi na kisukari muda mrefu naye mboni zake huwa nzito, kwa sababu kisukari kimegusa neva zinazoziendesha. Mhudumu mzuri anatazama mboni kabla ya kukuita kwenye kamera. Mhudumu mwenye haraka anatazama saa. Baada ya hapo maandishi ya karibu yatakuwa na ukungu na mwanga utakuumiza kwa saa 4 hadi 6, pengine zaidi. Likitokea jicho kuuma sana, kuwa jekundu, ukaona duara za rangi kuzunguka taa na kichefuchefu juu yake, hayo si ya kusubiri yaishe. Ni nadra, lakini ni dalili za presha ya jicho kupanda ghafla, na hospitali ni siku hiyohiyo.

Zipo kamera zinazopiga bila matone. Zinafaa kwa vijana wenye mboni kubwa, kwenye chumba chenye giza la kweli. Tatizo ni kwamba mwako wa kwanza hubana mboni zote mbili, hivyo inabidi kusubiri dakika kadhaa kabla ya picha inayofuata, na kwenye foleni ndefu subira hiyo ndiyo hukatwa. Kwa mtu aliyevuka makamo, au mwenye mtoto wa jicho anayeanza, sisi tungechagua matone bila kujiuliza mara mbili.

Kwenye kamera unaweka kidevu, unabana paji la uso, unatazama taa ndogo, unapepesa mara moja, halafu mwako. Picha zinazohitajika ni mbili kwa kila jicho: moja katikati yake ni makula, nyingine katikati yake ni lile duara la neva. Jumla nne, kila moja ikifunika pembe ya nyuzi 45 hivi. Ukihesabu miako miwili tu, uliza.

Picha mbovu na sababu zake

Hapa ndipo huduma nyingi zinaanguka, na bahati nzuri ni kwamba hata asiye mtaalamu anaweza kuona baadhi ya kasoro akigeuziwa kioo. Kivuli cheusi kinachofunika upande mmoja maana yake mboni ni ndogo au kamera haikuwa katikati yake. Mwezi mwandamo wa rangi ya kijivu au samawati pembeni: kamera haikuwa kwenye umbali wake. Mwako mweupe wenye ukungu sehemu ya chini ni kope, na mhudumu alipaswa kuinua ukope kwa kidole. Ukungu wa picha nzima unaweza kuwa mtoto wa jicho, lakini mara nyingi ni jicho lililokauka kwa kukodoa. Kupepesa mara mbili tatu kunatosha kulisafisha.

Halafu kuna doa linalodanganya. Doa la kijivu lililokaa mahali palepale kwenye picha zote nne, la kulia na la kushoto, si ugonjwa. Ni vumbi kwenye lenzi ya kamera. Ugonjwa huhama jicho likihama, vumbi halihami. Kituo chenye vumbi hilo kwenye picha za kila mgonjwa kimeacha kusafisha lenzi, na hapo tungejiuliza ni nini kingine kimeachwa.

Kipimo cha haraka cha ubora ni hiki: tazama ile picha ya makula. Chukua upana wa duara la neva kama rula, pima umbali huo kutoka katikati ya makula. Ndani ya eneo hilo unapaswa kuona vijimshipa vyembamba vikiwa wazi. Visipoonekana, vile vivimbe vidogo havitaonekana pia, na anayesoma picha hiyo anakisia.

Picha isiyosomeka si picha salama. Inatakiwa kuandikwa hivyo, "haisomeki", na mgonjwa apelekwe kwa daktari wa macho atazamwe kwa darubini mboni zikiwa wazi. Kituo kinachoandika "hakuna tatizo" juu ya picha yenye ukungu kinastahili malalamiko rasmi, na hatusemi hivyo kwa utani.

Nani anasoma?

Inaweza kuwa msomaji aliyefundishwa, daktari, au programu ya kompyuta. Programu si ndoto tena. Aprili 2018 mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani, FDA, iliidhinisha IDx-DR, ambayo hutoa jibu bila daktari kutazama picha. Kwenye majaribio yaliyotumika kuidhinisha, yenye wagonjwa 900 katika vituo 10, ilikamata kwa usahihi asilimia 87.4 ya waliokuwa na ugonjwa uliopita hatua ya mwanzo, na ikawa sahihi kwa asilimia 89.5 ya wasiokuwa nao.

Tafsiri yake ni kwamba katika kila wagonjwa 100 wa kweli, 12 au 13 wangepita. Hilo halitutishi sana, kwa sababu uchunguzi huu umejengwa kwa kurudiwa. Aliyepita mwaka huu ana nafasi nzuri ya kunaswa mwakani, na ugonjwa kwa kawaida huenda taratibu. Asiyerudi ndiye hesabu hiyo haimsaidii. Programu hiyo haikukusudiwa kwa mjamzito, kwa aliyewahi kupigwa leza au sindano za jicho, wala kwa anayelalamika kwamba haoni vizuri. Ukiwa mmoja wao na kituo kikakuketisha mbele ya mashine pekee, umepelekwa dirisha lisilo lako.

Majibu kwa kawaida yana daraja kuanzia 0 hadi 4. Sifuri ni hakuna alama yoyote. Moja ni vile vivimbe peke yake. Mbili ni zaidi ya hapo, lakini hujafika tatu. Tatu ina kanuni ambayo wasomaji huiita nne-mbili-moja: gawanya retina robo nne; ukikuta madoa ya damu zaidi ya 20 katika kila robo zote nne, au vena za shanga katika robo mbili, au mishipa midogo iliyojipindapinda isivyo kawaida ndani ya retina katika robo moja, hiyo ni daraja la 3. Usiidharau kwa kuwa bado unaona: bila matibabu, karibu nusu ya walio hapo huota mishipa mipya ndani ya mwaka. Nne ni mishipa mipya imeshaota.

Makula huandikwa kivyake, kwa sababu inaweza kuvimba katika daraja lolote ugonjwa ukishaanza. Karatasi yenye daraja la 1 isiyosema lolote kuhusu makula ina shimo katikati.

Tarehe ya kurudi inafuata daraja. Daraja 0 na 1 ni miezi 12 hivi, na mwenye sifuri mfululizo na sukari iliyotulia anaweza kuongezewa hadi miaka miwili. Daraja la 2 ni kati ya miezi 3 na 12, kutegemea alichoona daktari. Daraja la 3 ni kwa bingwa wa retina, na kurudi kila miezi 3 au chini. Daraja la 4, au makula iliyovimba katikati, ni suala la wiki, si miezi.

Alama mbili tulizokata

Ya kwanza ni pembeni. Picha mbili za nyuzi 45 zinaonyesha eneo la kati tu, na mishipa mipya wakati mwingine huanzia nje ya fremu. Kamera za uga mpana, zinazofika nyuzi 200 na kufunika takriban asilimia 82 ya retina, zinapunguza tatizo hilo, ingawa kope huingia kwa urahisi na rangi zake si za asili.

Ya pili ni unene. Kwa hilo kuna kipimo cha OCT, kinachotumia mwanga kukata makula kwa vipande kama mkate, na kuonyesha mifuko ya majimaji yenye unene wa mikroni chache. Hakigusi jicho wala hakina mionzi. Je, kila mtu akitafute kila mwaka? Hapana. Kama picha ni safi na chati unaisoma kama zamani, OCT ya kila mwaka ni anasa. Kitafute pale chembe za njano zinapoonekana ndani ya upana wa duara moja kutoka katikati ya makula, au uoni unaposhuka bila miwani kuwa na kosa.

Na picha haipimi presha ya jicho. Mwenye kisukari aliyepata daraja 0 bado anahitaji kupimwa glaukoma, ugonjwa unaoharibu neva ya jicho, kama watu wengine.

Kinachofuata ukipelekwa mbele

Leza ndiyo yenye malalamiko mengi: mtu alienda akiona, amerudi na ukungu. Kosa ni la aliyeeleza, au hakueleza. Leza ya retina nzima haiji kurudisha uoni. Inachoma sehemu za pembeni ili zipunguze njaa ya oksijeni, VEGF ishuke, mishipa mipya inyauke. Kwa leza ya kawaida ni madoa 1,200 hadi 1,600 kwa jicho, yakigawanywa katika vikao viwili au zaidi. Mashine mpya zinazopiga kwa haraka huhitaji zaidi ya hapo. Utafiti uliotoa matokeo yake mwaka 1976 ulionyesha kwamba inapunguza upotevu mkubwa wa uoni kwa zaidi ya nusu. Gharama yake ni uoni wa pembeni na wa usiku kupungua kiasi.

Sindano za kuzuia VEGF ndizo zinazoweza kurudisha herufi kadhaa kwenye chati, hasa makula ikiwa imevimba. Jicho linatiwa ganzi, linasafishwa kwa povidoni ya ayodini, kisha dawa ya mililita 0.05 inaingizwa milimita 3.5 hadi 4 kutoka ukingo wa konea, kile kioo angavu cha mbele ya jicho. Mwanzoni ni kila mwezi, na kwa makula iliyovimba mwaka wa kwanza hufika sindano 9 au 10. Kuona nukta zinazoelea siku hiyo ni kawaida. Maumivu yanayozidi, wekundu na uoni kushuka katika siku chache zinazofuata si kawaida: inaweza kuwa maambukizi ndani ya jicho, na kila saa ina thamani. Mwenye mishipa mipya ambaye anajua safari za kila mwezi hataziweza, bora aseme mapema achomwe leza, kwa sababu sindano zilizokatizwa njiani huacha jicho pabaya kuliko leza iliyokamilika.

Wakati wa kwenda

Kisukari cha aina ya 2: mara tu kinapogundulika, kwa kuwa huenda kilikuwepo miaka bila kujulikana. Aina ya 1: ndani ya miaka mitano tangu kigundulike. Mwenye kisukari anayepanga mimba apigwe picha kabla, au ndani ya miezi mitatu ya kwanza, kisha afuatiliwe hadi mwaka mmoja baada ya kujifungua, maana ujauzito huweza kuukimbiza ugonjwa. Aliyepata sukari kwa sababu ya mimba tu hahitaji ratiba hii.

Kuna picha moja ambayo husahaulika: ile ya kabla ya kushusha sukari kwa nguvu. Sukari iliyokuwa juu sana ikishushwa ghafla, retina yenye ugonjwa inaweza kuzidi kuharibika kwa miezi kadhaa kabla ya kuanza kupata nafuu. Si sababu ya kuiacha sukari juu. Utafiti wa DCCT, uliochapishwa mwaka 1993 kwa wenye aina ya 1, ulionyesha udhibiti mkali ukipunguza kuanza kwa ugonjwa huu kwa asilimia 76, na kwa waliokuwa nao tayari kuendelea kwake kwa asilimia 54. Presha ya damu nayo: utafiti wa UKPDS wa mwaka 1998, kwa wenye aina ya 2, iliona ugonjwa wa retina ukipungua kasi kwa asilimia 34 kwa walioshushiwa presha hiyo kwa ukali. Basi piga picha, halafu shusha.

Mvua ya nukta nyeusi iliyoanza ghafla, utando kama wa buibui, au pazia linaloshuka upande mmoja, hayo hayasubiri miadi ya picha. Nenda moja kwa moja kwa daktari wa macho siku hiyo.

Ukimaliza, omba nakala za picha zote nne zikiwa na tarehe, kwenye simu au flashi. Mwakani, hata kama umehamia kituo kingine, msomaji ataziweka pembeni ya mpya na kuona kama ile nukta moja nyekundu chini ya makula bado ni moja.